Kufuli la sumaku kwenye mlango wa kazini: jinsi ya kuhakikisha linaachia moto ukizuka

"Umeme ukikatika, mlango unafunguka wenyewe." Kauli hii nimeisikia kwa mameneja, kwa walinzi, hata kwa mafundi waliofunga kufuli lenyewe. Ukiizungumzia sumaku peke yake, ni kweli. Ukiuzungumzia mfumo mzima uliofungwa ukutani, mara nyingi si kweli.

Nililiona hilo kwa macho yangu kwenye ofisi moja iliyoniita kukagua milango minne. Nilizima swichi kuu. Taa zikazimika, feni zikasimama. Nikaenda kusukuma mlango wa kutokea, nikaukuta umekaza kama ukuta. Taa ndogo nyekundu juu ya fremu ilikuwa bado inawaka. Juu ya dari kulikuwa na sanduku la umeme, na ndani yake betri mpya iliyokuwa ikifanya kazi yake sawasawa: kuushikilia mlango. Aliyeiweka hakukosea, maana bila betri mwizi angezima umeme na kuingia. Kosa ni kwamba kukatika kwa umeme ndilo jambo pekee walilolitegemea kuwafungulia watu njia.

Haya ninayoyaeleza ni kwa yeyote mwenye dhamana ya jengo la kazi, awe mmiliki, msimamizi wa ofisi au afisa usalama. Kuunga nyaya mwachie fundi umeme mwenye sifa. Kumuuliza maswali, na kusimama pale mlango unapojaribiwa, ni kazi yako.

Hatua ya 1: Jua ni kufuli gani ulilonalo

Kufuli la sumaku lina vipande viwili. Cha kwanza ni mwamba mrefu wa chuma wenye koili (waya uliozungushwa mara nyingi) ndani yake, uliofungwa kwenye fremu, kwa kawaida juu. Cha pili ni bamba la chuma lililofungwa kwenye mlango. Umeme ukipita kwenye koili, mwamba unageuka sumaku na kulinasa bamba. Umeme ukikoma, bamba linaachiwa. Hakuna ulimi wala ufunguo, na hakuna kitu kinachosogea.

Yanayouzwa kwa wingi hushika kwa nguvu ya takriban kilo 270, na makubwa yake takriban kilo 540. Usidhani basi kwamba mtu akibanwa na moshi atauvunja mlango kwa bega. Mlango wa aina hii haupigwi teke ukafunguka. Unafunguliwa kwa kukata umeme tu.

Usilichanganye na vifaa viwili vinavyofanana nalo kwa jina. Kuna kitasa cha umeme, ambacho kina ulimi wa chuma, na baadhi yake hubaki kimefunga umeme ukikatika. Kuna pia sumaku za ukutani zinazoushika mlango wa kuzuia moto ubaki wazi mchana, kisha kuuachia ujifunge kengele ikilia. Hizo zina kazi ya kinyume kabisa. Ukimwambia fundi "sumaku ya mlango" bila kufafanua, mnaweza kuzungumza nusu saa kila mmoja akiwa na kifaa chake kichwani.

Hatua ya 2: Tembea njia za kutokea ukiwa huna kadi

Acha kadi yako mezani. Anzia mahali pa ndani kabisa, stoo, chumba cha mikutano, choo cha ghorofa ya juu, utembee hadi nje ya jengo. Kila mlango utakaokuzuia, uandike. Rudia kwa njia ya pili, maana njia ya kwanza ndiyo inayoweza kuwa na moto.

Kuna mambo matatu ambayo mafundi huyaona ya kawaida, nami ningeyatilia shaka papo hapo. La kwanza ni mlango wenye kisoma kadi pande zote mbili. Kuingia kwa kadi sawa, lakini kutoka kwa kadi maana yake ni kwamba mgeni, kibarua au aliyesahau kadi kwenye koti amefungiwa. La pili ni mpangilio wa programu unaoikataa kadi isitoke kwa sababu haikusomwa wakati wa kuingia. Uliwekwa ili watu wasiazimane kadi, lakini mtu aliyeingia nyuma ya mwenzake mlango ukiwa wazi anakuwa hawezi kutoka kwa kadi yake mwenyewe. La tatu ni milango miwili inayotegemeana, ambapo wa pili haufunguki mpaka wa kwanza ujifunge. Moto ukizuka watu wanaufurikia wa kwanza, haujifungi, na wa pili unabaki umefungwa. Mipangilio hii inaweza kuwepo, ila kengele ya moto lazima iishinde yote.

Chumba chenye mitambo ya kompyuta na mfumo wa kuzima moto kwa gesi kinahitaji jicho la peke yake. Gesi ya kaboni dayoksaidi kwa kiwango kinachozima moto inaua mtu. Aliye ndani lazima aweze kutoka mara moja kwa mkono wake, na mlango ujifunge nyuma yake ili gesi isivuje.

Hatua ya 3: Fuata umeme kutoka betri hadi sumaku

Hii ndiyo hatua inayobeba zote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mwombe fundi akufungulie sanduku la umeme na akuonyeshe kwa kidole njia ya waya. Kwa kawaida umeme wa jengo unaingia kwenye sanduku, unashushwa hadi volti 12 au 24, unachaji betri, kisha unatoka kwenda kwenye kidhibiti cha kadi, na kutoka hapo kwenda kwenye sumaku. Kufuli la volti 12 hula takriban nusu ampea. Betri ndogo ya ampea-saa 7, ile inayojaa kiganja, inaweza basi kulishikilia kwa zaidi ya saa 10. Kama jengo lina jenereta au betri kubwa za akiba, muda huo unaongezeka.

Swali la kumuuliza ni moja: kifaa cha dharura kinaukata umeme mahali gani? Kikiukata kabla ya betri, hakijakata kitu. Mkato unaofaa uko baada ya betri na baada ya kidhibiti, kwenye waya wenyewe unaokwenda kwenye sumaku. Chora mstari kwenye karatasi: betri, kidhibiti, rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ya kengele ya moto, kisanduku cha dharura cha kubonyeza (nitakieleza hatua ya 4), sumaku. Vyote viko kwenye mstari mmoja kwa mfululizo, na popote mstari utakapokatwa, sumaku inakufa.

Baadhi ya masanduku ya umeme yana sehemu maalumu ya kuunganishia kengele ya moto. Ni nzuri, lakini hakikisha inakata pia umeme unaotoka kwenye betri. Angalia kama pale kuna kipande kifupi cha waya kilichounganisha ncha mbili. Kipande hicho huwekwa ili mfumo ufanye kazi pale ambapo kengele ya moto haijaunganishwa, na kikisahaulika, paneli ya kengele, yaani sanduku kuu linaloiendesha kengele ya moto, inaweza kutoa amri usiku kucha na mlango usiisikie.

Rilei ya kengele nayo iwe ya kujihami. Maana yake ni kwamba paneli ikiwa nzima, rilei inashikilia mstari. Paneli ikitoa tahadhari, ikifa, au waya wake ukiungua na kukatika, rilei inaachia na mlango unafunguka. Mpangilio wa kinyume, ambapo paneli inatakiwa kupeleka umeme ili mlango ufunguke, unategemea waya ubaki mzima ndani ya moto. Ukiukuta, udai ubadilishwe.

Jambo jingine ni mlango kujifunga tena. Kengele ikinyamazishwa na mlinzi aliyechoshwa na kelele, makufuli yasirudi kushika. Yarudi tu pale paneli inaporejeshwa katika hali ya kawaida na mtu aliyethibitisha kwamba hakuna moto.

Hatua ya 4: Weka kisanduku cha dharura, na kiwe tofauti na kitufe cha kutokea

Kitufe cha kutokea cha kila siku mara nyingi hakikati umeme. Kinatuma ombi kwa kidhibiti, na kidhibiti ndicho kinachoamua. Kikiganda, kama kompyuta yoyote inavyoganda, utabonyeza mpaka kidole kiume. Sensa ya mwendo iliyo juu ya mlango nayo mara nyingi hutuma ombi vivyo hivyo, na haikukusudiwa kumwona mtu anayetambaa chini ya moshi.

Kwa hiyo kila mlango wa sumaku ulio kwenye njia ya kutokea uwe pia na kisanduku cha dharura kinachokata waya wa sumaku moja kwa moja, bila kupitia kidhibiti wala programu. Mahali pengi huwa cha kijani, ili kisichanganywe na chekundu cha kengele ya moto. Chagua chenye mikato miwili, mmoja kwenye waya chanya na mwingine kwenye waya hasi. Nyaya zikigusana kwa sababu ya joto upande mmoja, upande wa pili bado unakata.

Kiwekwe mahali ambapo mkono unakifikia ukiwa umesimama mlangoni. Kanuni za ujenzi za Marekani, kwa milango inayofunguliwa kwa sensa, zinataka kitufe cha mkono kiwe ndani ya mita 1.5 kutoka mlangoni, kwa kimo cha kati ya mita 1 na 1.2 hivi, na kikibonyezwa kikate umeme kwa angalau sekunde 30. Uingereza ina kiwango chake, BS 7273-4, kinachoeleza namna kengele ya moto inavyotakiwa kuiachia milango. Nchi yako inaweza kuwa na masharti yake, na zimamoto ndio wa kuulizwa kabla ya kununua chochote. Hata pasipo sheria inayokulazimisha, vipimo hivyo ni vya busara: kisanduku kilichofungwa juu ya kichwa hakifikiwi na aliye kwenye kiti cha magurudumu, na kilichofichwa nyuma ya kabati hakifikiwi na yeyote.

Andika maneno kwa lugha wanayoisoma wafanyakazi wote, pamoja na mchoro wa kuonyesha cha kufanya. "Vunja hapa, sukuma mlango" yanatosha.

Hapa ndipo mwenye mali huuliza kuhusu wizi. Ni swali la haki, na lina jibu: kuna vifuniko vya plastiki vinavyopiga king'ora vikiinuliwa, na kisanduku chenyewe kinaweza kumpelekea mlinzi taarifa papo hapo. Mwizi atasikika. Ila hofu ya wizi isiachwe iamue peke yake. Tarehe 25 Machi 1911 watu 146 walikufa katika kiwanda cha nguo cha Triangle, New York, na mlango mmoja wa ngazi ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Tarehe 3 Septemba 1991 watu 25 walikufa katika kiwanda cha kusindika kuku mjini Hamlet, North Carolina, nako milango ya kutokea ilikuwa imefungwa. Kote kuwili hofu ya wizi ilitajwa. Makufuli yale hayakuwa ya sumaku, lakini aliyesimama nyuma yake alikuwa na haja ileile ya kutoka.

Hatua ya 5: Kagua mlango wenyewe

Hatua hii ni fupi. Bamba la chuma linatakiwa kucheza kidogo kwenye boliti yake, maana kuna mpira nyuma yake unaoliwezesha kulala sawasawa juu ya sumaku. Likikazwa kabisa, linashika vibaya. Uso wake uwe safi, bila rangi, kutu wala gundi. Angalia pia kama sumaku inachelewa kuachia: diodi (kifaa kidogo kinachopitisha umeme upande mmoja tu) iliyoongezwa na fundi sambamba na koili ili kulinda vifaa inaweza kuleta ucheleweshaji huo, na kuna vipande vingine vya ulinzi visivyo na tabia hiyo.

Kama mlango ni wa kuzuia moto, usiruhusu utobolewe ovyo kwa ajili ya boliti. Tundu lisilokubaliwa na mtengenezaji linaweza kuuondolea sifa yake. Na kumbuka kwamba sumaku ikiachia, mlango huo hauna tena kinachoushika. Unahitaji mkono wa chuma unaoufunga wenyewe na ulimi wa kitasa wa kawaida unaofunguka kwa kushusha mpini, la sivyo shinikizo la moto litausukuma wazi na moshi utajaa ngazi ambayo watu wanashukia.

Hatua ya 6: Ujaribu kwa kila njia ambayo siku mbaya inaweza kuja

Chagua saa ambayo watu ni wachache. Mtu mmoja abaki ndani na mwingine nje, na aliye nje awe na ufunguo wa sanduku la umeme. Waarifu wanaopokea ishara za kengele ili zimamoto wasitoke bure.

Anza na umeme ukiwepo. Bonyeza au vunja kisanduku cha dharura, kisha usukume mlango kwa mkono mmoja. Usiridhike na taa. Taa ya kisoma kadi inaweza kugeuka kijani huku sumaku bado imeng'ang'ania, kwa sababu taa inaonyesha alichoamua kidhibiti, haionyeshi kilichotokea kwenye koili. Kinachothibitisha ni mkono wako: utasikia "tak" ndogo juu ya kichwa, na mlango utalegea kabla hujaweka nguvu.

Rejesha, kisha zima umeme wa jengo na uache betri ifanye kazi. Ngoja dakika chache. Mlango ukibaki umefungwa, hilo peke yake si kasoro. Ndiyo kazi ya betri. Sasa bonyeza kisanduku. Ukifunguka, umevuka mtihani ambao ile ofisi yangu ya milango minne ilianguka.

Rudisha umeme na uwashe kengele ya moto kutoka kwenye kisanduku chekundu au kigunduzi cha moshi. Pita kwenye kila mlango, usijaribu mmoja ukadhani mingine ni hivyohivyo. Nyamazisha king'ora bila kurejesha paneli, uone kama mlango wowote umejifunga. Rudia kengele umeme wa jengo ukiwa umezimwa. Kisha fundi achomoe waya unaotoka kwenye paneli ya kengele: milango yote iachie. Mwisho achomoe mtandao wa kidhibiti, akizime kidhibiti chenyewe, nawe ubonyeze kisanduku tena.

Kama mlango unasita, fundi apime volti kwenye ncha za sumaku wakati kisanduku kimebonyezwa. Inatakiwa sifuri. Zikionekana volti mbili tatu, kuna umeme unaoingia kwa njia nyingine, na njia hiyo itafutwe mpaka ipatikane. Kama volti ni sifuri na bamba bado limeshika, tatizo ni la chuma: sumaku iliyobaki ndani yake, uchafu, au mlango uliopinda ukakwama kwenye fremu.

Jaribio hili zima lifanywe wakati wa kukabidhiwa kazi, na kila mara mtu anapogusa mfumo, hata kama amekuja kubadilisha kisoma kadi tu. Katikati ya hapo, kengele ijaribiwe kila wiki, na kila wiki chagua mlango mmoja tofauti uusukume kengele ikiwa inalia. Andika tarehe, mlango, kilichojaribiwa na jina la aliyesukuma.

Hatua ya 7: Wafundishe wasio na kadi

Mafunzo ya moto huwafikia wanaokaa kwenye madawati. Wanaofungiwa ni wengine: mhudumu wa usafi anayeanza kazi saa mbili usiku, kibarua wa siku mbili, mgeni aliyepelekwa chooni na kuachwa. Mhudumu mmoja aliwahi kuniambia amekipita kisanduku cha kijani kwa mwaka mzima akidhani ni cha mafundi, na kwamba akikigusa atakatwa mshahara. Hakuwa mjinga, hakuna aliyekuwa amemwambia.

Siku ya kwanza ya kazi, kila mtu akibonyeze kisanduku kwa mkono wake mwenyewe na ausukume mlango. Chagua chenye kipande cha plastiki kinachorudishwa kwa ufunguo, ili zoezi lisigharimu kioo kila mara. Mwambie wazi kwamba hataadhibiwa kwa kukitumia akiwa na hofu ya kweli. Mlinzi wa zamu naye ajue mahali sanduku la umeme lilipo na jinsi ya kuchomoa sumaku zote.

Hatua ya 8: Mlango ulioanguka mtihani usisubiri fundi

Ukikuta mlango hauachii, chomoa sumaku yake siku hiyohiyo, kabla ya zamu ya usiku kuingia. Kama kuna mali ya kulinda, weka mlinzi mlangoni. Bandika karatasi kwenye sanduku la umeme inayosema kufuli limezimwa kwa nini, na nani, ili asije mtu akaliwasha akidhani limesahaulika. Liwashwe tena baada ya kurudia majaribio yote ya hatua ya 6 kwenye mlango huo, wewe mwenyewe ukiwa umesimama upande wa ndani.